UZI: Mlango wa potasiamu uko wazi muda wote, mbona haitoki yote kwenye seli?

Binti_Chumageni
Wakuu habari za jioni. Nipo kidato cha sita, PCB, hapa Tanga mjini. Kuna jambo linanisumbua na daftari halinisaidii.

Tumeandika kwamba ndani ya seli potasiamu ni kama milimoli 140 kwa lita, nje ni 4 tu. Sodiamu ni kinyume chake, nje 145, ndani 12 hivi. Halafu tukaandika kwamba utando wa seli una milango ya potasiamu ambayo huwa wazi hata seli ikiwa imetulia haifanyi kitu.

Sasa kama vitu vinatoka penye vingi kwenda penye vichache, na mlango uko wazi, kwa nini potasiamu isimwagike nje mpaka pande zote zilingane? Nikiuliza najibiwa "kuna pampu". Haya, pampu ipo, ina maana inakimbizana na kila ayoni (chembe yenye chaji) inayotoka? Naomba anayejua anieleze taratibu. Kukariri nimeshakariri, sasa nataka kuelewa.

Ngalawa_Moja
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye fani zao.

MkunaNazi
PCB ilinikimbiza mimi nikahamia HGL, na sijutii. Ila swali lako lina akili dada.

Kaa_wa_Mwambani
Binti, jibu la "kuna pampu" ni kweli lakini haliondoi swali lako. Nimekaa maabara muda mrefu na nimewaona watu wanaotaja kila aina ya usafirishaji kwenye seli bila kukosea, ila ukiwauliza ayoni hii ikifunguliwa mlango itaelekea wapi, wanaanza kubahatisha. Wanabahatisha kwa sababu wanaangalia wingi peke yake.

Chukua glukosi. Haina chaji. Ukiifungulia mlango inafuata jambo moja, wapi imejaa na wapi imepungua. Potasiamu ina chaji chanya, kwa hiyo inafuata mambo mawili kwa mpigo: wingi, na umeme. Gradienti yake ni jumla ya hayo mawili, na mara nyingine yanavuta pande tofauti. Hapo ndipo jibu lako lilipo.

Tuseme tuna seli ambayo bado haina umeme wowote kati ya ndani na nje, na tunafungua milango ya potasiamu tu. Wingi unaisukuma nje, inaanza kutoka. Lakini kila ayoni inayotoka inaondoka na chaji yake chanya, na wenzake wa chaji hasi, yaani protini na fosfati za ndani, hawawezi kuifuata kwa kuwa hawapiti kwenye mlango ule. Basi ndani panaanza kuwa hasi. Hasi inavuta chanya. Kadiri potasiamu inavyotoka ndivyo inavyozidi kuvutwa irudi, mpaka inafika mahali msukumo wa kutoka na mvuto wa kurudi unalingana. Zinazotoka na zinazoingia zinakuwa sawa. Mlango bado uko wazi kabisa, ila hakuna upungufu.

Mahali hapo panakokotolewa. Fomula ni ya Mjerumani Walther Nernst, tangu miaka ya 1880. Kwa joto la mwili, nyuzi 37, na ayoni yenye chaji moja chanya, chukua 61 uzidishe kwa logi ya wingi wa nje ukigawa kwa wingi wa ndani. Potasiamu: 4 kwa 140, logi yake ni karibu hasi 1.54. Zidisha na 61 unapata milivolti hasi 94. Maana yake ndani ikiwa hasi kwa milivolti 94, potasiamu haina sababu ya kwenda popote, japo ndani ziko 140 na nje 4.

Sasa fanya ya sodiamu mwenyewe ulete hapa.

Binti_Chumageni
Sodiamu: 145 kwa 12, logi ni 1.08, mara 61 ni chanya 66. Kwa hiyo sodiamu ingetaka ndani pawe CHANYA 66 ndipo itulie?

Halafu mwalimu, ili ndani pafikie hasi 94 si lazima potasiamu nyingi iwe imeshatoka? Ile 140 inabaki ngapi?

Kaa_wa_Mwambani
Sodiamu umepatia. Na ndani ni hasi, kwa hiyo sodiamu inasukumwa kuingia na nguvu zote mbili, wingi na umeme. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Swali la pili ndilo linalowashangaza wengi. Chukua seli ya duara yenye upana wa mikromita 20. Ukikokotoa uwezo wa utando wake kuhifadhi chaji, ambao ni kama mikrofaradi 1 kwa kila sentimita ya mraba, unakuta kufikia milivolti hasi 94 zinatakiwa kutoka ayoni kama milioni 7. Inasikika nyingi. Lakini ndani ya seli hiyo mna ayoni za potasiamu zipatazo bilioni 350. Ni moja katika kila 50,000. Ile 140 yako haitikisiki, ukipima kwa kifaa cha maabara hutaona tofauti.

Kwa hiyo si kwamba potasiamu inatoka kwa wingi na pampu inaikimbiza. Kidogo sana kikitoka, umeme umeshasimama, na umeme huo ndio unaoizuia iliyobaki.

Shemeji_wa_Pongwe
Mkuu samahani, kitabuni kwetu kuna hasi 70, wewe unasema hasi 94. Tuamini lipi?

Kaa_wa_Mwambani
Yote mawili, shemeji. Hasi 94 ni kama utando ungepitisha potasiamu peke yake. Seli halisi inavujisha sodiamu kidogo kuingia ndani, na hizo chanya zinapandisha namba. Kwenye seli nyingi za fahamu matokeo yake ni kama hasi 70. Si mahali pa kutulia kwa potasiamu wala kwa sodiamu. Ni mapatano kati yao, na potasiamu ndiyo yenye sauti kubwa kwa sababu milango yake iliyo wazi ni mingi zaidi.

Na hapo sasa ndipo pampu inapoingia. Kwa kuwa hakuna aliyetulia, potasiamu inavuja nje kidogo kidogo saa zote na sodiamu inavuja ndani. Ukiiacha hali hiyo iendelee, baada ya muda tofauti ya wingi inakufa, na umeme unakufa nao. Pampu ya sodiamu na potasiamu inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, inalipa ATP moja, yaani sarafu ya nishati ya seli, inarudia. Sodiamu kwenye seli ni waja leo waondoka leo. Kwa kuwa 3 zinatoka na 2 zinaingia, pampu nayo inachangia umeme kidogo moja kwa moja, milivolti chache. Ila kazi yake kubwa ni kuitunza ile tofauti ya wingi isife.

Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, mwaka 1957, kwa kusaga mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa wa ufukweni. Jina langu humu lisiwapotoshe, mimi kaa nawala tu. Nobeli ya kemia akaipata 1997, miaka 40 baadaye.

FundiUmeme_Hale
Mimi ni mtu wa umeme, biolojia niliiacha kidato cha pili. Milivolti 70 jamani? Hata taa ya kitochi haiwaki. Mnaisifia ya nini?

Kaa_wa_Mwambani
Fundi, uliza pia unene wa kihami, yaani kinachozuia umeme usipite. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hivi. Milivolti 70 kwenye nanomita 7 ni volti milioni 10 kwa mita. Hewa kavu inapigwa na cheche kwenye milioni 3 hivi. Protini za milango zilizokaa ndani ya utando ule zinaishi ndani ya nguvu hiyo ya umeme, na umeme ukibadilika kidogo tu, zinajikunja au kujikunjua. Ndiyo maana mshipa wa fahamu unaweza kufungua na kufunga milango kwa sehemu ya sekunde.

FundiUmeme_Hale
Milioni 10 kwa mita. Nimenyamaza.

Ila nimeona kitu. Huku mto Pangani, Nyumba ya Mungu inashika maji, yakiteremka Hale wanazalisha, yakiteremka tena New Pangani Falls wanazalisha tena, megawati 68 pale. Maji ni yaleyale, kinacholipwa ni mteremko. Ina maana seli nayo inapandisha sodiamu kwa gharama halafu inaikodisha inaporudi?

Kaa_wa_Mwambani
Fundi, biolojia uliiacha lakini yenyewe haikukuacha. Ndivyo hasa. Na kwenye mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli, mashine yenyewe inazunguka kweli: protoni (ayoni za hidrojeni) zinasukumwa nje ya utando wa ndani, zikirudi zinapita kwenye protini inayozunguka, na mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP. Peter Mitchell wa Uingereza alipolitoa wazo hilo 1961 wengi hawakumkubali, 1978 akapewa Nobeli. Boyer na Walker walioeleza mashine inavyounda ATP waligawana ile ya 1997 na Skou.

Mfano wako unapungukiwa mahali pamoja tu. Maji yanajua kushuka, basi. Ayoni inaweza kuwa inasukumwa nje na wingi na huku inavutwa ndani na umeme, na lazima ujumlishe kabla hujasema chini ni wapi. Ndilo swali la Binti.

Nesi_Makorora
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nesi, na siwezi kuuacha uzi huu upite bila kutaja ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kunywa kwa anayeharisha, maana ndiyo gradienti ya sodiamu inayookoa watoto kila siku na watu wanaidharau kwa kuwa ni pakiti ya unga.

Kwenye seli za utumbo mwembamba, upande unaoangalia chakula, kuna protini inayoingiza glukosi. Haikubali glukosi peke yake. Inataka sodiamu mbili na glukosi moja zikae pamoja, ndipo inageuka na kuziingiza ndani. Alivyosema Kaa, sodiamu inasukumwa kuingia na nguvu zote mbili, kwa hiyo inaburuta glukosi hata kama ndani ya seli glukosi ni nyingi kuliko kwenye utumbo. Protini hiyo yenyewe haitumii ATP. Bili inalipwa upande wa nyuma wa seli, na ile pampu ya kaa. Robert Crane, Mmarekani, ndiye aliyelieleza wazo hili mwaka 1960 kule Prague.

Sodiamu na glukosi zikiingia, maji yanafuata.

Sasa tazameni kipindupindu. Sumu ya wale bakteria inaifanya seli ya utumbo ifungue mlango wa kloridi na usifunge. Kloridi inamwagikia utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanafuata, na mgonjwa anapoteza lita kwa lita. Lakini ile protini ya sodiamu na glukosi haiguswi na sumu. Ipo, inafanya kazi, inasubiri uilete sodiamu na glukosi pamoja. Ukimpa maji matupu huipi kazi. Ukimpa maji ya chumvi tupu, vilevile.

Ndiyo maana pakiti ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati ya sodiamu 2.9, kwa lita MOJA ya maji safi. Piga hesabu, glukosi inatoka milimoli 75 na sodiamu 75. Jumla ya vyote vilivyoyeyuka ni 245, chini kidogo ya damu ambayo ni kama 290, ili maji yavutwe kuelekea mwilini. Fomula hii ni ya tangu 2002, ya zamani ilikuwa 311. Mama akichanganya pakiti moja kwenye chupa ya nusu lita ili "iwe kali", ameshaipindua: sasa maji yanavutwa kwenda utumboni. Hili naliona, na kila nikilieleza linarudi.

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh, Dakta Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi upande wa India, dripu zimemwishia. Akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakanywesha wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4.

MkunaNazi
Nesi, sisi nyumbani bibi alitupa madafu tukiharisha, na wote tuko hai. Au madafu nayo si dawa?

Nesi_Makorora
Bibi simgusi, namheshimu. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo sana, na ulishaona hapo juu anayefungua mlango ni sodiamu. Mpe dafu kama kinywaji. Mtoto akiharisha maji matupu, ORS kwanza, na zinki siku 10 hadi 14, na akilegea macho yakazama usisubiri, mlete. Soda ndiyo usimpe kabisa, sukari yake inavuta maji kwenda utumboni.

Jarife_la_Usiku
Mimi mvuvi, nasoma kimyakimya. Kaa nijibu hili. Papa akikaa bila barafu anatoa harufu kali ya mkojo inayochoma pua, samaki changu hatoi. Kwa nini?

Kaa_wa_Mwambani
Kwa sababu ni mkojo kweli, kwa namna fulani. Vyote vilivyoyeyuka kwenye maji ya bahari ni kama 1,000 kwa kipimo alichotumia Nesi. Damu ya changu ni theluthi moja ya hapo, kwa hiyo bahari inamnyonya maji masaa yote. Analazimika kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa seli za mashavu (matamvua) zilizojaa pampu ya sodiamu. Papa kachukua njia nyingine: anaihifadhi urea kwenye damu, ile ambayo sisi tunaikojoa, mpaka jumla yake inalingana na bahari. Maji hayana sababu ya kumtoka. Chumvi inayomzidi anaitoa kwa tezi iliyo karibu na njia ya haja. Akifa, bakteria wanaivunja urea inakuwa amonia, ndiyo hiyo inayokuchoma pua.

Silikanti wetu, yule samaki wa kale, naye ni hivyohivyo, damu yake ina urea. Wale waliokuwa wakinaswa kwenye majarife huku Tanga mpaka ikawekwa hifadhi ya bahari mwaka 2009.

Jarife_la_Usiku
Silikanti hata nyama yake hailiki, inaharisha. Shukrani mkuu.

Babu_Handeni
Nauliza kama mzee. Pampu hiyo ikizimwa mtu anakufa saa hiyo?

Kaa_wa_Mwambani
Shikamoo babu. Umeme hauzimiki papo hapo, maana tuliona ni potasiamu kidogo sana inayoutengeneza. Wataalamu walichukua mshipa mnene wa fahamu wa ngisi, wakaukatia nishati kwa sumu, na uliendelea kupeleka ishara kwa muda mrefu ukitumia akiba ya wingi iliyokuwepo. Ila moyo hauna subira hiyo.

Babu unaujua msunguti, ule mti wa sumu? Wagiriama na Wakamba waliuchemsha mpaka ikabaki dutu nyeusi nzito, wakapaka mishale. Ndani yake mna sumu iitwayo uabaini, na kazi yake ni kuikamata pampu hii kwa nje isigeuke. Kwenye seli za moyo sodiamu inajaa ndani, na protini inayotoa kalisi kwa kutumia sodiamu inayoingia inakosa mteremko wa kuisukuma. Kalisi inabaki, moyo unakaza zaidi na zaidi, halafu mapigo yanavurugika. Digoksini, dawa ya moyo ya hospitali, ni ya ukoo huohuo, kwa kipimo kidogo sana na chini ya daktari.

Babu_Handeni
Marahaba. Msunguti naujua, hata mbuzi tulikatazwa kumfunga hapo.

Nesi_Makorora
Binti, kabla hujalala. Mgonjwa wa figo, potasiamu ya damu imepanda kutoka 4 hadi 8. Piga hesabu uniambie moyo unapata nini.

Binti_Chumageni
8 kwa 140, logi ni hasi 1.24, mara 61 ni hasi 76. Kutoka hasi 94 imepanda kwa 18. Ndani hapajapungua kitu, nje zimeongezeka 4 tu.

Nilitaka kusema moyo unasisimka kirahisi zaidi, lakini sina uhakika.

Kaa_wa_Mwambani
Mwanzoni ndiyo, umesogea karibu na kizingiti, yaani kiwango cha umeme kinachoanzisha pigo. Lakini milango ya sodiamu ina tabia: ikikaa muda mrefu kwenye umeme uliopanda inajifunga na haifunguki mpaka umeme ushuke tena. Kwa hiyo mingi inakuwa imefungwa kabla pigo halijaja, mapigo yanasafiri polepole, na moyo unaweza kusimama.

Nesi_Makorora
Ndiyo sababu kloridi ya potasiamu haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa. Inachanganywa kwenye dripu, polepole, kwa saa. Na mgonjwa wa hiyo 8 anapewa insulini pamoja na glukosi, kwa kuwa insulini inaihimiza ile pampu kurudisha potasiamu ndani ya seli. Kesho uliza darasani kwa nini glukosi inaongezwa.

Binti_Chumageni
Ili sukari isishuke kwa ajili ya insulini?

Nesi_Makorora
Haya, huyo hahitaji tuisheni.